UZI: Yule "anayejua kunywa" ndiye wa kumwangalia. Bia za kila jioni zinageuka ugonjwa lini?

#1 – Kaunta_ya_Mbele (mleta uzi)

Salaam wakuu. Nasimamia kaunta ya grosari moja upande wa Mbagala. Wenzangu wa kazi hii mnajua kwamba siri za mtaa haziko kwa mjumbe, ziko kwenye daftari la madeni. Mtu atamwambia mkewe alikunywa mbili, daftari linasema tano na nusu kilo ya kitimoto.

Kila mada ya pombe ikianza humu, watu wanakimbilia kumjadili yule anayelala mtaroni, anayetukana wakwe, aliyeuza hadi kitanda. Huyo mtaa mzima unamjua, hahitaji uzi. Mimi nataka tumjadili mteja wangu mzuri. Anaingia saa kumi na mbili jioni akitoka kazini, shati limepigwa pasi, anakaa kiti kilekile, hagombani na mtu, analipa, anaondoka akiwa wima. Sijawahi kumwona amelewa. Wenzake wanamsifia: "Yule mwamba anajua kunywa."

Sasa ukifunua kurasa za nyuma, mwamba huyohuyo alianza na mbili za Ijumaa. Zikaingia za Jumatano kwa sababu ya mpira. Zikaja za Jumatatu, ambayo haina mpira wala sababu. Baadaye mbili hazikumtosha, zikawa tatu, kisha nne, na ukimtazama usoni ni yuleyule. Hapo ndipo nilipotaka tufike. Kama nne za leo zinampa kile alichokuwa akipewa na mbili zamani, maana yake ubongo umeshajipanga kuishi na pombe. Ini nalo limejifunza kuisafisha haraka zaidi. Lakini kuizoea hakupunguzi kinachopita mle ndani: anayebeba nne bila kuyumba amepitisha nne kwenye ini, moyo na mishipa, sawa na yule aliyezinywa akaimba njia nzima hadi kwake. Tofauti ni kwamba mwimbaji kesho ataona aibu apumzike, huyu wima hana kinachomsimamisha.

Hesabu kidogo, msikimbie. Chupa ya bia ya mililita 500 yenye asilimia 5 ina mililita 25 za kileo kitupu, na uzito wake ni kama gramu 20. Shirika la Afya Duniani, kwenye dodoso lake la kupima unywaji, linahesabu "kinywaji kimoja" kuwa gramu 10. Kwa hiyo chupa moja ya kwetu ni vinywaji viwili. Ile chupa ndogo ya Konyagi ya mililita 200, yenye asilimia 35, ni gramu 55. Yaani vinywaji vitano na nusu vinavyoingia mfuko wa suruali.

Uingereza tangu 2016 wanawashauri wananchi wao wasizidi gramu 112 kwa wiki. Hizo ni bia tano na ushee za hapa, kwa wiki nzima. Mteja wangu wa tatu kila jioni anafikisha 21, karibu mara nne ya hapo, na bado ukimuuliza anajiita mnywaji wa wastani kwa kuwa meza ya jirani wanakunywa sita.

Vitu ninavyoviona kaunta na ambavyo naamini daktari havioni:

Anayekuja mapema kuliko kampani yake, anapiga mbili kimyakimya "za kuweka mwili sawa", kampani ikifika anaagiza ya kwanza. Anayegawa bili: mbili kwangu, mbili kwa jirani, moja dukani akienda nazo nyumbani, ili asiwepo mtu hata mmoja mwenye jumla. Aliyehama bia akaenda nyagi (Konyagi) akisema bia inajaza tumbo. Aliyeacha kula, maana chakula "kinaharibu". Anayeulizia Jumapili kama Jumatatu ya sikukuu tutafungua. Na huyu wa mwisho nadhani ndiye mbaya kuliko wote: anashika glasi ya kwanza kwa mikono miwili, na akishaimaliza mkono mmoja unatosha.

Wataalamu karibuni, niongezeeni au nisahihisheni.

#2 – Mti_Mkavu

Mkuu unajiharibia biashara mwenyewe, bosi wako akisoma huu uzi kesho unauza maji 😂

#3 – Mrombo_Halisi

Naheshimu mada ila mnatutisha bure. Babu yangu Rombo kanywa mbege tangu ujana, kafa ana miaka tisini na kitu, meno yote mdomoni. Pombe haina shida, shida ni njaa na stress.

#4 – Kaunta_ya_Mbele

@Mrombo_Halisi babu alikunywa mbege ya ndizi na ulezi kwenye kata moja iliyozunguka wazee wote, kwenye ngoma, mahari au msiba. Mbege ikiisha imeisha, inasubiriwa ichachuke nyingine. Wewe friji liko wazi siku saba na nyagi ipo rafu ya juu. Babu yako simjumlishi humu. Na wale wazee wenzake waliotangulia mapema hawapo wa kutupa ushuhuda.

#5 – Kanzu_Nyeupe

Nafanya kazi wodi ya wagonjwa wa ndani, hospitali ya rufaa mkoa fulani. Mleta uzi umeongea vizuri kuliko vipeperushi vyetu. Nina machache.

Ini haliumi. Watu wanasubiri maumivu upande wa kulia ndipo waamini, na wengi hawayapati hadi tumbo linajaa maji na macho yanageuka manjano. Kabla ya hapo kuna hatua ya mafuta kwenye ini, ambayo karibu kila mnywaji mkubwa anayo na hajui. Hiyo ukiacha pombe inarudi nyuma ndani ya wiki kadhaa. Likishakuwa na makovu, yale makovu hayafutiki, ila kuacha bado kunakuongezea miaka.

Sasa kama ini limenyamaza, wapi pa kusikiliza? Kwanza presha. Napokea mtu ana dawa ya presha ya kwanza, kaongezewa ya pili, sasa yupo ya tatu na bado inagoma, na katika safari yote hiyo hakuna aliyemuuliza anakunywa nini jioni. Pombe inapandisha presha, na ukiipunguza presha nayo inashuka. Pili usingizi: analala haraka kama gunia, saa tisa usiku macho yako wazi, moyo unakwenda mbio, jasho. Anadhani ni mawazo ya ada, kumbe pombe inatoka mwilini. Tatu miguu kuwaka moto au kufa ganzi. Nne, mambo ya chumbani ambayo wanaume wanayanunulia dawa za mitishamba huku chanzo kiko kwenye glasi. Tano kusahau: alizungumza vizuri kabisa jana usiku, alilipa bili, aliendesha gari hadi nyumbani, na leo hakumbuki. Nyie mnaita "mtandao ulikata" mnacheka. Huo ni ubongo uliokuwa macho bila kurekodi chochote.

Maabara, ukiomba LFT (kipimo cha ini) na FBP (picha kamili ya damu), tunaangalia vimeng'enya vya ini: GGT iliyopanda, AST iliyoipita ALT hata mara mbili, na chembe nyekundu za damu zilizovimba kuliko kawaida. Lakini tahadhari: majibu yakitoka safi mtu anayafanya kibali cha kuendelea. LFT safi haimaanishi huna tatizo na pombe, maana yake ini halijaandika barua bado.

Kuhusu lile dodoso alilotaja mleta uzi, linaitwa AUDIT, lina maswali kumi na alama 40. Limeshatafsiriwa kwa Kiswahili na kupimwa kwa wagonjwa wa KCMC pale Moshi. Kuanzia alama 8 tunasema unywaji wako una hatari, 20 kwenda juu tunashuku utegemezi. Jaribu la mteja wa bia tatu kila siku. Swali la kwanza, mara ngapi unakunywa: kila siku, alama 4. La pili, vingapi kwa siku: bia tatu ni vinywaji sita, alama 2. La tatu, mara ngapi unafikisha vinywaji sita kwa kikao kimoja: kila siku, alama 4. Jumla 10. Amevuka mstari na bado hatujamuuliza kama amewahi kuanguka, kugombana au kukosa kazi. Yale maswali saba yaliyobaki ndiyo ya kushindwa kufanya ulichotarajiwa kwa sababu ya pombe, kuzimua asubuhi, kushindwa kuacha akishaanza, kujuta, kusahau, kuumia, na kama kuna ndugu au daktari amewahi kukuambia upunguze.

#6 – Mti_Mkavu

Nilikuja kucheka. Nimepiga hiyo hesabu nimepata 17. Naendelea kusoma.

#7 – Bi_Mdogo_wa_Tabata

Mbona wote mnawajadili wanaume wa kwenye kaunta? Sisi tunaokunywa nyumbani nani anatuandikia daftari? Chupa ya mvinyo ya mililita 750, asilimia 12, nimeipigia hesabu ya mleta uzi nimepata gramu 71, vinywaji saba. Watoto wakilala unamimina kidogo, unapika chakula cha kesho, unamimina kidogo, na chupa imeisha bila mtu kuhesabu glasi. Nina dada wa ofisini anatupa chupa kwenye pipa la jirani ili la kwake lisijae. Ana cheo, ana gari, hajawahi kuchelewa kazini.

#8 – Kanzu_Nyeupe

@Bi_Mdogo_wa_Tabata asante sana. Mwili wa mwanamke una maji machache kuliko wa mwanaume, kwa hiyo kiasi kilekile kinafanya damu yake kuwa na kileo kikali zaidi, na ini linaharibika mapema. Pombe pia inaongeza hatari ya saratani ya matiti, hata kwa viwango ambavyo wengi wanaviona vidogo. Tangu 1988 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa limeiweka pombe kundi moja na sigara kama kisababishi cha saratani: mdomo, koo, umio, ini, na baadaye ukaongezwa utumbo mpana. Na mjamzito hana kiwango salama, hata ile glasi moja ya "kuongeza damu" wanayoshauriwa na mashangazi.

Huyo dada anayeficha chupa: kuficha ni dalili yenyewe. Hakuna anayeficha soda.

#9 – Jamaa_wa_Nakuru

Niko Kenya, nawasoma tu. Huku sheria ya 2010, ile tuliita ya Mututho kwa jina la mbunge aliyeipeleka bungeni, iliweka saa za baa: siku za kazi zinafunguliwa saa kumi na moja jioni. Kaka yangu ndiye aliyenifunza dalili ambayo hamjaitaja. Kuanzia saa tisa mchana haongei nawe, anaongea na saa. Umwambie habari ya shamba, ya mama, anaitikia "eeh, eeh", jicho liko ukutani. Ikifika hiyo saa na amepata ya kwanza, anarudi kuwa mtu, anakuuliza "ulikuwa unasema nini?"

Asubuhi ni kutoa lock, yaani kuzimua. Alikuwa anasema ni moja tu ya kutuliza mkono ndio aweze kushika kalamu, sababu benki walishamrudishia hundi kwamba sahihi haifanani.

Swali kwa daktari: huyu tumfungie ndani aache? Mzee wetu amependekeza hivyo.

#10 – Kanzu_Nyeupe

@Jamaa_wa_Nakuru MSIMFUNGIE. Tafadhali mweleze mzee, shikamoo yake ikiwa mbele, lakini asifanye hivyo. Naandika hili kwa urefu maana ndilo linaloua watu wenye nia njema.

Mtu anayekunywa nyingi kila siku kwa muda mrefu, ubongo wake umekanyaga mafuta ili ushindane na pombe inayomlaza. Ukiitoa pombe ghafla, mguu bado uko kwenye mafuta. Saa sita hadi 24 baada ya chupa ya mwisho anaanza kutetemeka, jasho, kichefuchefu, wasiwasi, hapati usingizi. Kama ya mwisho aliinywa saa tano usiku, hesabu mwenyewe kwa nini saa mbili asubuhi mkono hautulii. Ndani ya siku mbili za kwanza anaweza kuanguka kama mwenye kifafa. Na kuanzia siku ya pili hadi ya nne wengine wanachanganyikiwa kabisa: homa, moyo mbio, anaona vitu.

Huku kwetu hili linakuja na kalenda. Kila Kwaresima tunawapokea. Mtu anakunywa ya kuagana Jumanne usiku, Jumatano anapakwa majivu na kuapa kuacha, familia inashangilia. Ijumaa anaanza kuokota wadudu wasiokuwepo juu ya shuka, anaongea na marehemu baba yake, anataka kutoka kwa dirisha. Familia inasema amerogwa, au majini yamepanda, anapelekwa kuombewa usiku kucha bila maji. Jumapili ndipo analetwa kwetu, kama amefika. Ombeni, sikatazi, lakini muombeeni akiwa wodini na dripu mkononi.

Hospitali anapewa dawa za kundi la diazepamu kwa siku chache, zikipunguzwa taratibu chini ya uangalizi, na vitamini B1 kabla ya dripu ya sukari, kwa sababu wanywaji wakubwa wengi wameishiwa nayo na ubongo unaweza kuumia moja kwa moja. Msinunue valiamu (ndiyo hiyo diazepamu) dukani mkajaribu nyumbani. Valiamu na pombe kwa pamoja vinaweza kumzimisha mtu pumzi.

Mpaka mfike hospitali, asiache ghafla. Najua inaonekana ajabu kusomwa kutoka kwa mtu wa afya. Kwa huko Kenya, NACADA, mamlaka ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, wana namba ya bure 1192, mtaelekezwa.

#11 – Mrombo_Halisi

Doc mimi ndiye wa babu. Natumia dawa za TB mwezi wa pili sasa. Nakunywa Jumamosi tu. Hiyo inahesabika?

#12 – Kanzu_Nyeupe

Inahesabika sana. Isoniazidi, mojawapo ya dawa za TB, na wenzake wanapita kwenye ini hilohilo. Dawa ukimaliza utaamua, kwa sasa Jumamosi iache. Na kama unaona mkojo umekuwa kama chai ya rangi, macho ya manjano au hamu ya kula imekata, usisubiri tarehe ya kliniki, nenda kesho. Mwambie na anayekupa dawa kwamba unakunywa, hatakuchongea kwa mtu.

#13 – Fundi_Bomba_Mwanza

Naona mnasema hospitali hospitali. Nani ataenda kujiandikisha kwamba yeye mlevi? Mtaani hakuna anayekubali hilo jina.

#14 – Kaunta_ya_Mbele

Hilo jina ndilo linalowaponza wateja wangu mkuu. Mtu anajipima kwa jina: "Mimi siyo mlevi," basi kesi imefungwa. Kwa nilivyoelewa kwa Kanzu_Nyeupe, hakuna mlango mmoja unaovuka ukaitwa mlevi. Kuna anayekunywa kwa kiwango cha hatari na hajaumia, kuna aliyeshaumia, kuna ambaye pombe imeshamshika usukani. Wa kwanza na wa pili wengi wanaweza kupunguza wenyewe au kwa mazungumzo mafupi na mhudumu wa afya. Wa tatu anahitaji msaada. Ninapenda swali la "pombe inakufanyia nini" kuliko "wewe ni nani".

Nina jaribio la kaunta, halijaandikwa popote. Namwambia mteja ambaye naona hatetemeki asubuhi: mwezi huu panga kabla hujatoka nyumbani, leo mbili, kesho hakuna, na unishirikishe. Anayefuata mpango wake bila jasho, sawa. Anayefika mbili akaanza kunieleza kwa nini leo ni siku ya pekee, na kesho yake pia ikawa ya pekee, huyo tumeshajibiwa. Anayetetemeka simpi jaribio hilo, kwa sababu ya #10.

#15 – Bi_Mdogo_wa_Tabata

Na mke afanyeje? Maana ukisema usiku inakuwa ugomvi, ukisema mbele ya wakwe umemdhalilisha.

#16 – Kanzu_Nyeupe

Usiku usiseme kitu, unaongea na chupa. Chagua asubuhi ambayo ametulia. Usianze na "unakunywa sana", atakujibu kwa hesabu. Sema tukio moja uliloliona: "Jumamosi ulimwahidi mtoto kwenda naye shule, hukukumbuka kwamba uliahidi." Kisha omba kitu kidogo kinachowezekana: mkapime presha na ini pamoja, nawe upimwe. Wanaume wengi wanakubali kwenda kupima presha, hawakubali kwenda "kutibiwa pombe". Tukishampata kwa presha, maswali mengine tutauliza sisi.

#17 – Mti_Mkavu

Doc, mimi wa 17. Asubuhi mkono unacheza kidogo, nazimua moja unatulia. Nimekuwa nacheka toka #2 lakini nipo serious. Nikifika mapokezi nasema nini? Kuna foleni na watu wa mtaani kwetu.

#18 – Kanzu_Nyeupe

Mapokezi sema unataka kumwona daktari wa magonjwa ya ndani, inatosha, hawana haja ya kujua zaidi. Ukishafunga mlango wa daktari, mwambie hivi: "Nakunywa kila siku, kiasi hiki, kwa miaka kiasi hiki. Asubuhi natetemeka mpaka ninywe. Nataka kupunguza kwa usalama." Taja ya mwisho umekunywa saa ngapi, na kama umewahi kuanguka au kuona vitu ulipoacha. Taja dawa zote unazotumia, za mitishamba pia. Usipunguze idadi kwa aibu, dozi ya dawa inategemea ukweli wako.

Hospitali nyingi za rufaa za mikoa zina kitengo cha afya ya akili, watakuhamishia huko kwa ushauri baada ya mwili kutulia. Wakikupa rufaa ya Muhimbili au Mirembe, ile hospitali ya afya ya akili ya Dodoma, usishtuke ukadhani umeitwa kichaa, ndipo walipo watu wenye uzoefu wa kazi hii. Kuna pia dawa za kupunguza hamu, lakini hizo zina masharti, usiagizie mtandaoni.

Nenda na mtu. Usiendeshe mwenyewe. Na asubuhi hiyo usijikaze kutokunywa ili uonekane msafi mbele ya daktari.

#19 – Mti_Mkavu

Sawa. Jumatatu. Nitaenda na shemeji.

#20 – Jamaa_wa_Nakuru

Nimempigia mzee, amekubali kutomfungia, ila anauliza kama hospitali watamchapa 😅 Nimemwambia hapana. 1192 wameshika simu.